Shilingi 62,992: kisa cha fumbo moja la mayai

Fumbo lenyewe niliandika ubaoni Jumatatu, kipindi cha pili, darasa la tano:

"Mfugaji alipeleka sokoni trei 6 za mayai. Kila moja ilikuwa na mayai 30. Njiani yalivunjika mayai 8. Mayai yaliyobaki aliyauza kwa shilingi 350 kila moja. Alipata jumla ya shilingi ngapi?"

Jibu ni shilingi 60,200. Madaftari yalipofika mezani nikakuta 62,992 kwa binti mmoja anayekaa dawati la mbele, upande wa dirisha. Nikaikuta tena kwa mwenzake, halafu kwa wawili wa nyuma kabisa. Hao wa nyuma hawakunishangaza. Jibu likishaandikwa dawati lile la mbele, husafiri darasa zima kabla sijashika dasta. Aliyenishangaza ni mwenye jibu. Huyu ndiye anayekutajia jedwali la 12 mpaka mwisho bila kuvuta pumzi. Na njia yake ilikuwa safi kabisa:

6 × 30 = 180
180 × 350 = 63,000
63,000 − 8 = 62,992

Kuzidisha ni sahihi mara zote mbili. Hata kule kukopa kwenye sifuri tatu zilizofuatana, mahali ambapo nusu ya darasa huzama, kavuka salama. Nikaweka alama ya kosa nikachukua daftari lingine. Yalikuwa mengi, na jioni ilikuwa imeingia.

Usiku ndipo lile jibu liliponirudia. Shilingi 62,992. Ni lini mara ya mwisho mtu alikupa shilingi mbili mkononi? Sarafu ndogo inayozunguka mitaani kwetu Tanzania ni ya hamsini. Ukiuza kitu cha shilingi 350 kwa bei moja kutwa nzima, fedha yako itaishia na 00 au 50, basi. Hakuna namna ya kulala na tisini na mbili. Muuza genge yeyote akiona hesabu hiyo atakuuliza hizo nyingine umeziokota wapi. Na huyu binti, kila akitoka shule, husimama kwenye genge la mama yake karibu na stendi. Miongoni mwa vinavyouzwa pale ni mayai.

Kwa hiyo mtoto anayejua kuzidisha na anayejua mayai amekosa hesabu ya kuzidisha mayai. Nikaona nisilipite hili.

Siku zote, mwanafunzi akikosa fumbo, sisi walimu tuna maneno mawili ya haraka: "hajui kuzidisha" au "hasomi kwa makini". La kwanza halikuwa kweli hapa. La pili ni la kumwambia mtu yeyote kuhusu kosa lolote, kwa hiyo halina msaada. Nikakumbuka utaratibu wa mtafiti mmoja wa Australia, Anne Newman, alioutoa mwaka 1977. Badala ya kutazama jibu na kukisia, unamkalisha mtoto mbele ya swali lilelile na kumtaka afanye mambo matano kwa zamu: asome kwa sauti, aeleze swali linataka nini, aseme atatumia njia gani, akokotoe huku unamsikia, kisha aandike jibu. Hatua anayokwama ndiyo penye tatizo. Alichokiona Newman, na waliomfuata, ni kwamba makosa mengi ya mafumbo hutokea kabla mtoto hajaanza kukokotoa. Kalamu nyekundu kwa kawaida hutazama ukokotoaji.

Kesho yake wakati wa mapumziko nikamwita.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Chukua daftari lako, nisomee fumbo hili."

Akasoma bila kukwama, hata kwenye "yaliyobaki aliyauza". Nikamuuliza swali linataka nini. "Linataka shilingi alizopata." Sawa. Utafanyaje kuzipata? "Nazidisha trei kwa mayai, halafu nazidisha kwa hela, halafu natoa nane."

"Mbona nane unaitoa mwisho?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini jua huchomoza mashariki. "Si MAGAZIJUTO, mwalimu?"

Hapo nilinyamaza mimi. Kwa ambaye hakusomea huku kwetu: Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Ndiyo kanuni ya mpangilio wa matendo, na watoto huiimba. Nilikuwa nimeifundisha wiki mbili nyuma, nikaiandikia bango, bango likabandikwa juu ya ubao, na fumbo langu la mayai niliandika chini yake. Mtoto alifanya nilichomfundisha. ZI inatangulia TO, basi kazidisha vyote vinavyozidishika, akamalizia kwa kutoa.

(Neno hilo lina shida yake nyingine ambayo tunaificha. Kwa jinsi lilivyopangwa, mtoto anaweza kuamini kuwa kujumlisha hutangulia kutoa siku zote. Mpe 10 − 3 + 2 uone. Akianza na 3 + 2 atapata 5, wakati jibu ni 9. Kujumlisha na kutoa ni ndugu wa daraja moja, unakwenda kutoka kushoto; kuzidisha na kugawanya vivyo hivyo. Lakini "JUTO" inaimbika vizuri, kwa hiyo tunaiacha.)

MAGAZIJUTO ni kanuni ya kusoma kitu ambacho mtu mwingine amekwisha kukiandika. Ukikuta 180 × 350 − 8 kwenye kitabu, kanuni inakwambia uanze wapi. Ila katika kisa cha mfugaji hakuna aliyeandika 180 × 350 − 8. Kuna barabara, kuna mashimo, kuna mayai yaliyopasuka kabla ya kufika sokoni. Kazi ya kugeuza hayo yote kuwa mstari wa hesabu ni ya mwanafunzi mwenyewe, na katika kazi hiyo kanuni haina la kusema. Ukitaka kukiandika kisa kwa mstari mmoja, ni (6 × 30 − 8) × 350. Mabano yamebeba sehemu yote ya safari kabla ya mteja wa kwanza kusimama mezani. Bila mabano, umeandika kisa kingine, na sijui ni cha nini, maana kinatoa mayai kwenye pesa.

Kabla sijaeleza yaliyofuata, nataka nirudi kwenye maneno ya fumbo. Lugha yetu ilikuwa imesema kila kitu, na mimi mwenyewe sikuwa nimewafundisha watoto kuisikiliza.

Tazama "mayai yaliyobaki aliyauza". Hatua nzima ya kutoa imo ndani ya "yaliyobaki", na "ya" ya "aliyauza" inaelekeza tena kwa hayohayo yaliyobaki. Kilichouzwa ni hicho, na hicho ndicho kinachozidishwa na bei. Mtoto aliyesoma "yaliyobaki" kwa ulimi tu amepita juu ya hatua ya pili ya hesabu. Fumbo lina hatua tatu lakini swali ni moja tu, lile la mwisho. Swali la katikati, "yalibaki mangapi?", hakuna aliyeliuliza. Limejificha kwenye kitenzi.

Halafu "kila moja". Hapa nakiri kosa la mtunzi, yaani mimi. Kwenye sentensi ya pili "kila moja ilikuwa na mayai 30" ni salama: ile "i" inasema ni trei, kwa sababu yai lingekuwa "lilikuwa". Lakini "shilingi 350 kila moja" haina kitenzi cha kuliokoa. Trei ni moja, yai ni moja. Kweli sentensi inaanza na mayai, na mtu mzima ataelewa; ila nilikuta daftari lenye 6 × 350 = 2,100, na siwezi kumlaumu sana mwenye daftari. Kama ningekuwa nimetunga kwa vikombe ndani ya katoni, "kila kimoja" ingemaliza ubishi. Siku hizi naandika "kila yai" nikaishi kwa amani.

Na "jumla". Watatu walikuwa wamejumlisha namba zote zilizoonekana, 6 na 30 na 8 na 350, wakapata 394. Hawa tuliwaharibu darasa la pili tulipowaambia ukiona "jumla" jumlisha, ukiona "zilizobaki" toa, ukiona "kila" zidisha. Orodha ya namna hiyo hufanya kazi kwenye mafumbo ya hatua moja, na mafumbo ya hatua moja ndiyo tunayotumia kuipima, kwa hiyo inaonekana ni dawa. Likija la hatua tatu lenye "kila", "yaliyobaki" na "jumla" kwa pamoja, mtoto ana maagizo matatu yanayogombana. Sijagusa hata "bei ya jumla", ambayo haina kujumlisha ndani yake.

Turudi mezani. Nilikuwa nimepanga kumfutia yote na kumwanzisha upya kwenye 180. Nikauliza kwanza:

"Hii 63,000 ni nini?"

"Ni shilingi."

"Na hii nane?"

"Ni mayai yaliyo..." Akaishia hapo. Mkono ukaenda mdomoni.

"Unayatoa mayai kwenye shilingi?"

Nilitegemea arudi nyuma kwenye 180. Hakurudi. Akatazama dirishani, midomo ikicheza: "Mawili mia saba. Manne elfu na mia nne. Manane... elfu mbili mia nane." Akafuta ile 8, akaandika 2,800 mahali pake, akatoa. 60,200.

Sikuwa nimeifikiria njia hiyo. Na ni sahihi mia kwa mia: jifanye mayai yote 180 yameuzwa, halafu ondoa thamani ya yale manane ambayo hayakufika. Kwa mstari mmoja ni 6 × 30 × 350 − 8 × 350, na hapo MAGAZIJUTO inafanya kazi bila mabano yoyote. Njia yake ya awali, niliyoipiga alama ya kosa, ilikosa kitu kimoja tu: ile nane ilikuwa bado haijabadilishwa kuwa fedha. Kama ningemfutia, ningekuwa nimefuta hesabu iliyobakiza hatua moja kufika, nikamfundisha ya kwangu, naye angeondoka akiamini kuwa alikuwa amepotea tangu mwanzo.

Kingine ni jinsi alivyopata 2,800. Hakupanga 350 juu na 8 chini. Alirudufisha: mawili, manne, manane. Hiyo ni hesabu ya gengeni. Mwaka 1985 Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha uchunguzi wa watoto watano waliokuwa wakiuza bidhaa mitaani Recife, Brazil. Wakiuliza bei kama wateja, watoto walipata asilimia 98 ya hesabu. Wakiwaletea hesabu zilezile kama mafumbo ya kuandikwa, asilimia 74. Wakiwaletea namba tupu za kukokotoa, 37. Mmoja aliulizwa bei ya nazi 10 kwa 35 kila moja. Hakuweka sifuri kama tunavyofundisha, alianza na bei ya nazi tatu, 105, akaongeza tatu nyingine, na tatu, na moja. Katika tarakimu hizo mimi huvutiwa zaidi na ile ya kati kuliko ile ya 98. Fumbo, ambalo wengi tunaliona ndilo gumu, liliwafaa kuliko namba tupu, kwa sababu angalau lina nazi ndani yake. Tunachofanya darasani mara nyingi ni kulikamua fumbo nazi zote zitoke, zibaki namba.

Ndiyo maana dawa niliyoipeleka darasani wiki ile ilikuwa ndogo sana. Nilisema hakuna namba itakayosimama peke yake kwenye njia. Na Kiswahili kinatusaidia bila hata kuombwa: sisi hutaja kitu kwanza, idadi baadaye. Mayai 180. Shilingi 63,000. Kwa hiyo mtoto aandike jina la kitu upande wa kushoto kabla hajajua idadi, kisha atafute idadi:

Mayai yote: 6 × 30 = 180
Mayai yaliyobaki: 180 − 8 = 172
Shilingi: 172 × 350 = 60,200

Akishaandika "mayai yaliyobaki", lile swali la katikati ambalo hakuna aliyeliuliza limeulizwa. Wapo walionung'unika kuwa ni maandishi mengi. Ni kweli, na kwenye mtihani muda ni mfupi. Mwezi wa kwanza wanaandika neno zima, baadaye herufi moja ya mwanzo inatosha.

Bango nalo nilihamisha. Sikulitupa.

Swali lililobaki lilikuwa kama binti ameelewa au amebadilisha tu kanuni moja kwa nyingine, kutoka "toa mwisho" kwenda "toa kwanza". Fumbo la mayai jingine lisingenionyesha. Ijumaa nikampa mawili pamoja. La kwanza: kreti 5 za soda, kila kreti chupa 24, chupa 6 zikapasuka, zilizobaki zikauzwa shilingi 700 kila chupa. La pili: trei 4 za mayai, kila trei mayai 30, kila yai shilingi 350, muuzaji akalipa nauli ya shilingi 2,000, alibakiwa na kiasi gani?

Yanafanana sura, lakini kwenye la kwanza kinachotolewa ni chupa na kwenye la pili ni fedha. Soda alimaliza haraka: chupa 120, zikabaki 114, shilingi 79,800. Kwenye la pili kalamu ilisimama. Alikuwa amekwisha kuandika "Mayai: 120" na chini yake "Mayai yaliyobaki:", halafu akacheka peke yake na kukata mstari. "Nauli hailipwi kwa mayai," akasema, ingawa akaongeza kuwa kuna konda mmoja anaweza kukubali. 42,000 kutoa 2,000, shilingi 40,000.

Ningeishia hapo kisa kingependeza. Nikaongeza la tatu. Muuzaji alinunua trei 4 kwa shilingi 8,500 kila trei, akalipa usafiri shilingi 500 kwa kila trei, akauza kila yai kwa shilingi 350. Faida ni kiasi gani?

Akaandika:

Shilingi za mauzo: 120 × 350 = 42,000
Shilingi za faida: 42,000 − 8,500 − 500 = 33,000

Majina yapo, yote ni shilingi, hakuna yai lililotolewa kwenye hela, na jibu si sahihi. Dawa yangu ilikuwa imefika mwisho wa uwezo wake. Ile 42,000 ni shilingi za trei nne. Ile 8,500 ni shilingi za trei moja. Zinaitwa jina moja lakini hazijakaa kwenye meza moja. Na zaidi, kuna "kwa" mbili pale: "kwa shilingi 8,500" ni bei, "kwa kila trei" ni kipimo cha kurudia, na darasani nina "kwa" ya tatu, "zidisha 4 kwa 30". Neno dogo namna hiyo limebebeshwa mizigo mingi.

Sikumwambia amekosa. Nilimuuliza, "Hiyo elfu nane na mia tano imenunua trei ngapi?"

"Moja."

"Na hiyo arobaini na mbili elfu imetoka kwenye trei ngapi?"

Akachukua kalamu akaandika kidogo pembeni, juu ya 8,500, "trei 1", na juu ya 500 vilevile. Kisha 34,000, kisha 2,000. Faida: shilingi 6,000.

Nikaweka alama ya vema, nikadhani tumemaliza. Yeye alikuwa bado anaitazama ile 6,000, midomo ikicheza kama siku ile ya kwanza.

"Elfu moja mia tano kwa trei," akasema. Hakuna aliyemuuliza hilo. "Mama hapati hivyo, mwalimu. Mama ni elfu moja tu."

Kengele ikalia, akaondoka.